Nyumba ya Mbwa Waliopotea

Waswahili husema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maneno haya humsifu mbwa, lakini sifa yenyewe ni ya kuazima: bwana akiwa hodari, mbwa huhesabiwa hodari, bwana akiwa dhaifu, mbwa hudharauliwa pamoja naye. Mithali haikusema neno juu ya mbwa asiye na msasi wala bwana, azungukaye majiani kutafuta makombo. Huyo huitwa mbwa koko, na jina hilo limekuwa tusi hata kwa wanadamu. Je, kiumbe ambaye thamani yake yote ilitokana na bwana wake, akiisha kupotea au kutupwa, amebakiwa na thamani gani? Swali hili liliulizwa kwa uwazi mjini London katika mwaka 1860, na jawabu lake limechukua zaidi ya karne moja na nusu bila ya kukamilika.

London ya zama zile ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili na nusu, na mbwa wake hawakuwa na idadi. Walikuwapo mbwa wa matajiri waliolala juu ya mito ya hariri. Walikuwapo mbwa wa walinzi, wa wachunga ng'ombe na wa wawinda panya. Na hapo kwanza walikuwapo mbwa waliokokota vigari vya wachuuzi wa nyama na samaki. Kazi hii ya kukokota vigari ilikatazwa na sheria mjini London katika mwaka 1839, na katika nchi nzima ya Uingereza mwaka 1854. Nia ya sheria ilikuwa njema, maana mbwa wengi walichoshwa kupita kiasi. Lakini mbwa asiyeweza tena kumchumia bwana wake alikuwa mzigo kwa mtu maskini. Kadhalika, tangu mwaka 1796 mbwa walitozwa kodi, na aliyeshindwa kuilipa alikuwa na njia rahisi ya kuiepuka. Alifungua mlango, akamtoa mnyama nje, kisha akaufunga.

Wezi nao walikuwa na sehemu yao katika shida hii. Mbwa wa watu wenye mali waliibwa makusudi ili warudishwe kwa fidia. Mshairi Elizabeth Barrett, ambaye baadaye aliolewa na mshairi mwenziwe Robert Browning, aliibiwa mbwa wake aitwaye Flush mara tatu, na katika mwaka 1846 alikwenda mwenyewe katika mtaa wa wezi kumgomboa. Flush alikuwa na mtu wa kumlilia na fedha za kumrudisha. Mbwa wa maskini akipotea, au mbwa wa tajiri akiisha kuzeeka, hakuwa na mlizi wala mgombozi.

Si kweli kwamba Waingereza wa wakati ule hawakuwa na sheria za huruma. Mwaka 1822 mbunge Richard Martin alifaulu kupitisha sheria ya kukataza ukatili kwa ng'ombe, farasi na kondoo. Mwaka 1824 kikaundwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na mwaka 1840 Malkia Victoria akakipa heshima ya kuitwa cha kifalme. Mwaka 1835 mbwa naye akaingizwa katika ulinzi wa sheria, na michezo ya kuwapiganisha wanyama ikapigwa marufuku. Lakini sheria zote hizi zilihitaji mkosaji aliyeonekana na mkono ulioshika fimbo. Mtu aliyempiga mbwa aliweza kushtakiwa. Mbwa aliyekufa kwa njaa chini ya ukuta, nani angeshtakiwa kwa kifo chake? Njaa haina mkono wa kushikwa.

Hapo ndipo anapotokea Mary Tealby. Alizaliwa mwaka 1801, akaolewa na mfanya biashara ya mbao wa mji wa Hull, kisha akaachana naye, akaenda kukaa London karibu na jamaa zake. Hakuwa tajiri, hakuwa na cheo, na umri wake ulikuwa umekaribia miaka sitini. Husimuliwa kwamba katika mwaka 1860 rafiki yake, Bibi Sarah Major, aliokota mbwa aliyekuwa hoi kwa njaa, na kwamba mwanamke huyu alimpokea mnyama yule jikoni mwake akamwuguza. Mbwa akafa. Wengi wangalimzika na kumsahau. Bibi Tealby alimzika, kisha akawatafuta wengine waliokuwa katika hali ile ile. Jiko lilipojaa, ilipasa kutafutwa mahali pengine, na katika mwaka ule ule yeye, nduguye Edward Bates aliyekuwa kasisi, pamoja na rafiki wachache, walipata banda la farasi katika mtaa wa Holloway, kaskazini ya mji. Wakaliita Makao ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa.

Neno la kuangaliwa katika jina hilo ni "muda". Waanzilishi hawakukusudia kujenga nyumba ya mbwa kuzeekea. Mbwa aliyeokotwa aliletwa, akalishwa na kutazamwa. Bwana wake wa kwanza akija na kuthibitisha kwamba ni wake, alirudishiwa. Asipokuja, alitafutwa bwana mpya aliyeaminika kwamba angemtunza. Gharama zililipwa kwa sadaka za watu. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa kama kivuko baina ya mabwana wawili, na fikira yake kubwa ilikuwa kwamba kupoteza bwana si sababu ya kupoteza maisha.

Fikira hiyo ilichekwa. Gazeti kubwa la mji, The Times, lilichapisha maneno ya dhihaka katika mwaka ule ule wa 1860, likitia shaka kama watu waliobuni makao ya mbwa walikuwa na akili timamu. Dhihaka ile haifai kupitwa bila ya kupimwa, maana nyuma yake palikuwa na hoja nzito. London ilikuwa imejaa watoto wasio na wazazi. Watoto walipandishwa ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha, na desturi hiyo haikukomeshwa kwa nguvu ya sheria mpaka mwaka 1875. Watu wazima walilala chini ya madaraja. Yalikuwapo makao ya serikali ya maskini ambayo maskini wenyewe waliyaogopa kuliko njaa. Katika mji wa namna hiyo, mtu aliyekusanya sadaka kwa ajili ya mbwa aliweza kuulizwa: Je, mtoto je? Kipande cha mkate kimoja hakiwezi kuingia katika vinywa viwili. Swali hili halikuwa la watu wabaya tu. Watu wema pia waliliuliza, na huulizwa hata leo kila mahali ambapo mtu huinama kumwokota mnyama.

Bibi Tealby na wenziwe walijibu zaidi kwa kazi kuliko kwa maneno. Katika mwaka 1862 walipata msaada wasioutazamia. Gazeti la All the Year Round, lililohaririwa na Charles Dickens, lilichapisha makala juu ya maonyesho mawili ya mbwa. Makala haikutiwa jina la mwandishi, kama ilivyokuwa desturi ya gazeti lile. Onyesho la kwanza lilikuwa la mbwa wa fahari mtaa wa Islington, ambapo wanyama wa nasaba bora walitazamwa na kushindaniwa. La pili lilikuwa banda la Holloway, ambapo mbwa wasio na nasaba, wakondefu, walisubiri mtu wa kuwataka. Msomaji wa makala ile aliachwa kupima mwenyewe ni onyesho lipi lililosema mengi zaidi juu ya wanadamu.

Mary Tealby alikufa mwaka 1865, baada ya kuitumikia kazi yake kwa miaka mitano tu. Hakuona nyumba yake ikikua, wala hakuona mtihani wake mkubwa. Mwaka 1867 ilipitishwa sheria ya barabara za London iliyowapa polisi uwezo wa kumkamata mbwa yeyote aliyezurura bila ya mtu wa kumwongoza. Asipodaiwa katika siku tatu, aliweza kuuzwa au kuuawa. Haukupita muda mrefu ila mbwa waliokamatwa na polisi walianza kupelekwa katika nyumba ile, na mwaka 1871, baada ya jirani wa Holloway kulalamikia kelele, ilihamishiwa Battersea, kusini ya Mto Thames, mahali palipozungukwa na njia za reli. Huko ndiko iliko mpaka leo.

Hapa historia hii inaingia katika giza lake, na haingekuwa haki kulificha. Banda la kwanza lilipokea mbwa kwa kadiri ya huruma ya watu. Nyumba ya Battersea iliwapokea kwa kadiri ya nguvu ya sheria. Waliingia wengi mno kuliko waliotakwa. Siku zao zilipokwisha, waliokuwa wagonjwa na waliokosa mabwana waliuawa. Katika mwaka 1884 tabibu Benjamin Ward Richardson aliitengenezea nyumba ile chumba cha hewa ya kuwalaza na kuwaua bila ya maumivu makubwa, na wakati ule jambo hili lilihesabiwa kuwa maendeleo ya huruma. Hivyo nyumba iliyozaliwa kwa sababu ya kifo cha mbwa mmoja jikoni ikawa mahali pa vifo vya mbwa maelfu. Walioiendesha hawakuwa wanafiki. Walikabiliwa na hesabu isiyogawanyika: mbwa wengi, nafasi chache, na mji uliokuwa ukizalisha mbwa wapya kila usiku.

Hofu nayo iliongeza uzito katika mizani. Kichaa cha mbwa kilikuwa ugonjwa uliotisha kuliko wote, kwani mtu aliyeumwa, dalili zikiisha kumtokea, hakuwa na tumaini. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimtia dawa yake mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaokoka. Katika miaka ile ile amri zilitolewa London kwamba mbwa wafungwe vinywa wawapo njiani, na waliokutwa kinyume cha amri walikamatwa kwa wingi. Ukali huu ulizaa matunda: pamoja na amri za kuwazuia kwa miezi mbwa walioingizwa nchini kutoka ng'ambo, Uingereza ilikuwa imeondokana na ugonjwa huo kufika mwaka 1902. Ulirudi mwaka 1918 baada ya vita, ukafukuzwa tena kufika mwaka 1922. Haiwezekani kuisimulia habari ya huruma kwa mbwa bila ya kukiri kwamba mwanadamu alikuwa na haki ya kujilinda nao. Nyumba ya Battersea ilisimama baina ya mambo hayo mawili, na Malkia Victoria alipokubali kuwa mlezi wake mwaka 1885, kicheko cha mwaka 1860 kilikuwa kimekwisha.

Lakini kicheko kukoma si jawabu. Swali la mtoto lilikuwa lingali likisubiri, na jawabu lake lilitokea mahali pasipotazamiwa. Nchini Marekani, Henry Bergh alikuwa ameanzisha mjini New York, katika mwaka 1866, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mwaka 1874 alijiwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akimhangaikia mtoto wa kike aliyepigwa na kuteswa na walezi wake, naye amekosa mlango wa kubisha. Kwa msaada wa Bergh na wakili wa chama chake, mtoto alifikishwa mahakamani, akaokolewa. Na kutokana na shauri lile kikazaliwa chama cha kuwalinda watoto. Mfanya biashara wa Liverpool, Thomas Agnew, alikizuru chama kile akavutwa na kazi yake. Aliporudi kwao, hatua ya kwanza ilipigwa katika mkutano wa watetezi wa wanyama. Waliokutana walikuwa wakiomba msaada wa kujenga nyumba ya mbwa. Mbunge Samuel Smith akalipanua ombi lile liwaingize watoto. Chama cha Liverpool cha kuwalinda watoto kikaanzishwa mwaka 1883, cha London mwaka 1884, na mwaka 1889 Bunge likapitisha sheria ya kukataza ukatili kwa watoto.

Tarehe hizi zatosha kumfikirisha mtu. Mbwa wa Uingereza alipata sheria ya kumlinda mwaka 1835; mtoto alingoja mpaka mwaka 1889. Mwenye haraka atasema kwamba hiyo ndiyo fedheha yenyewe, na kweli ni fedheha. Lakini aliyesema kwamba huruma kwa mbwa ingemwibia mtoto alikosea njia. Katika mkutano ule wa Liverpool watu hawakuambiwa wachague. Walioitwa kwa ajili ya mbwa ndio waliofungua mlango kwa mtoto. Huruma si mkate unaopungua kwa kugawanywa. Yafanana zaidi na moto wa jirani: aombaye kaa hamwachii mwenye jiko baridi.

Baada ya hapo mabishano yalikuwa baina ya wenye huruma wenyewe. Mwaka 1891 kiliundwa chama kingine cha kuwatetea mbwa, ambacho tangu mwaka 2003 huitwa Dogs Trust, na ambacho msimamo wake ni kutomwua mbwa mwenye afya. Watetezi wa msimamo huu walisema kwamba nyumba ya wokovu isiwe na mlango wa nyuma wa kifo. Waliopinga walijibu kwamba anayekataa kuua hana budi kukataa kupokea pia, mabanda yakijaa, na mbwa aliyekataliwa mlangoni hufa njiani. Mwaka 1906 sheria iliongeza siku za kumngoja bwana wa mbwa zikawa saba, na ikakataza mbwa aliyekamatwa kutolewa au kuuzwa kwa ajili ya kupasuliwa na wanasayansi akiwa hai. Mbwa asiye na bwana alikuwa amepata angaa juma moja la kuhesabiwa kuwa wa mtu, na hata likiisha juma hilo, si kila jambo liliruhusiwa kutendwa juu yake.

Juu ya hayo, mwezi wa Septemba mwaka 1939 ulionyesha jinsi ulinzi huo ulivyokuwa mwembamba. Vita ilipokaribia, wenye wanyama walishauriwa wawapeleke mashamba, na kama haikuwezekana, wawaue kwa wema. Hapakuwa bado na bomu hata moja lililoanguka London. Hata hivyo watu walipanga mistari milangoni mwa waganga wa wanyama, na inakadiriwa kwamba wanyama wa nyumbani 750,000, mbwa na paka, waliuawa nchini kwa muda mfupi. Hawa hawakuwa mbwa koko. Walikuwa na majina, na mabwana wao waliwapenda. Nyumba ya Battersea haikufunga milango yake wakati wa vita ile, ikaendelea kuwapokea waliotolewa na waliopotea katika moshi wa mabomu. Tukio hili lafunza kwamba baina ya mbwa apendwaye na mbwa atupwaye hakuna ukuta. Pana mlango tu, na hofu ya siku moja yatosha kuufungua.

Nchi nyingine zilikuwa na desturi nyingine. Mjini Istanbul mbwa waliishi majiani kwa karne nyingi, kila mtaa ukiwa na kundi lake. Hawakuwa wa mtu, bali walilishwa na watu. Mwaka 1910 watawala waliotaka kuupa mji sura mpya waliamuru mbwa wakusanywe na kutupwa katika kisiwa kikavu cha Sivriada. Maelfu kwa maelfu walikufa huko kwa kiu na njaa, na vilio vyao vilisikika ng'ambo ya maji. Mwaka 2004 Uturuki ilitunga sheria ya kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha mitaani. Mwaka 2024 Bunge lake likaibadili, likaamuru wakusanywe na kuwekwa katika makao mpaka wapate mabwana, na likaruhusu baadhi yao wauawe. Ubishi uliozuka ulikuwa mkali, upande mmoja ukiwataja watoto walioumwa, na upande wa pili ukikitaja kisiwa. Maswali ya mwaka 1860 yalirudi yakiwa yamevaa mavazi mapya.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuona kwamba habari hizi ni za watu wa mbali. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na mbwa hakaribishwi ndani ya nyumba. Lakini unajisi ni hukumu ya tohara, si ruhusa ya ukatili. Wanavyuoni wale wale waliofundisha jinsi ya kuosha chombo kilichorambwa na mbwa walifundisha pia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mbwa yule wa kisimani hakutajwa kuwa na bwana. Na Nairobi, ambako desturi za watu ni nyingi, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule wa Sivriada, na hadi leo huokota mbwa na kuwatafutia makao mapya.

Katika Uingereza ya leo cheti cha kumiliki mbwa kimekwisha kufutwa tangu mwaka 1987. Tangu mwaka 2016 kila mbwa wa England hupasa kuwekewa chini ya ngozi alama ndogo yenye nambari, ili bwana wake ajulikane. Na tangu mwaka 2020 wachuuzi hawaruhusiwi kununua vitoto vya mbwa na kuviuza tena kabla havijatimiza miezi sita. Sheria hizi zina busara ambayo banda la Holloway halikuweza kuwa nayo. Zimetambua kwamba kuokota mbwa ni kukinga maji kwa kata, na hali bomba li wazi. Wakati wa maradhi ya mwaka 2020, watu waliofungiwa majumbani walinunua mbwa kwa wingi ili kuondoa upweke. Milango ya kazi ilipofunguliwa, milango ya makao ya mbwa ilianza kubishwa. Waliowaleta hawakuwa na fimbo mikononi, kama vile hakuwa nayo mtu maskini wa London aliyefungua mlango wake ili aepuke kodi.

Kwa hiyo jawabu la swali la kwanza halikupatikana katika thamani ya mbwa, bali katika deni la mwanadamu. Mbwa hakujileta mjini mwenyewe. Aliitwa, akalishwa, akazaliwa mikononi mwa watu kizazi baada ya kizazi, mpaka akasahau namna ya kuishi pasipo wao. Aliyemfanya kiumbe kuwa mhitaji ana wajibu kwake, hata kama mahitaji yenyewe yamekuwa usumbufu. Mary Tealby hakuandika falsafa ya jambo hili. Alikuwa na jiko dogo, na mbwa aliyekufa humo, na ukaidi wa kutosha kumpokea wa pili. Wahenga wa Kiswahili walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hawakusema kwamba mnyonge huyo ni lazima awe mtu.